Delmas Ratliff Akataa Kuacha Dawa

Kwa miaka kumi na tisa Delmas Ratliff alichimba makaa ya mawe chini ya milima ya Kentucky, mpaka siku jiwe la dari lilipomwangukia mgongoni. Akapewa vidonge vya maumivu. Vilipokatwa, mwili ulikuwa umeshavizoea, akahamia kwenye unga, heroini ya mitaani. Unga ukamlia nyumba, ukamkimbizia mke, ukamfikisha kwenye mgodi uliofungwa kuiba nyaya za shaba. Polisi walimkuta nazo begani.

Badala ya kifungo cha miaka mitatu, akapelekwa mahakama ya waraibu, ambako anayemaliza matibabu huhitimu na kufutiwa kifungo. Kila Jumanne alikojoa kwenye kikopo mbele ya afisa ili apimwe, kisha akasimama mbele ya Jaji Maggard kueleza wiki yake ilivyokwenda. Daktari wake, Bi. Sizemore, alimwanzishia buprenofini, dawa ya kukata hamu ya unga, kijikaratasi cha kuyeyusha chini ya ulimi kila asubuhi. Uchu ukatulia. Kwa miezi kumi na minne mkojo wake ulikuwa safi. Akapata kazi ya kutengeneza mashine za kukatia nyasi, akawa anakula maharage na mkate wa mahindi mezani kwa mama yake bila kusinzia juu ya sahani.

Kisha jaji akatoa amri.

"Hapa hahitimu mtu ambaye bado anategemea dawa, hata ya daktari. Nawapa siku thelathini. Atakayekuwa hajaacha, jela inamsubiri."

Iliwahusu wawili waliokuwa kwenye buprenofini: Delmas, na Tressie Combs, mhudumu wa mkahawa mwenye ulimi mkali kama wembe. Tressie aliacha siku ileile. Delmas akapunguza, nusu, kisha robo. Arosto ikarudi: jasho baridi, magoti kuuma. Kibaya zaidi, sura ya yule aliyekuwa akimuuzia unga ilimjia hata akiwa kazini.

Siku ya thelathini walikaa benchi moja kwenye ujia wa mahakama.

"Unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa," Tressie alimwambia.

"Na wewe? Sweta kwenye joto hili la mwezi wa saba! Unaficha nini?"

"Naficha urembo, mama yako asije akaniposa kwa ajili yako."

Wakacheka, ila kicheko cha Tressie kilikatika njiani. Akachukua mkoba. "Naenda chooni. Wakiniita, waambie najipodoa."

Dakika zikapita. Karani akatoa kichwa mlangoni. "Tressie Combs!"

Hakutokea mtu.

Delmas akainuka upesi. Akakimbia. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kwa chini akaona kiatu, ncha yake ikitazama juu.

"Tressie! Fungua, dada!"

Akaupiga mlango kwa bega. Mgongo ukamwaka moto. Pigo la tatu, komeo likang'oka. Tressie alikuwa chali, midomo ya buluu. Delmas akachomoa mfukoni dawa ya kuzindua waliozidisha unga, aliyotembea nayo siku zote, akampulizia puani, akampa pumzi kwa mdomo. Hakuna kitu. Askari wa mlangoni alikuwa akiita gari la wagonjwa kwa sauti ya kukwaruza.

"Usinifanyie hivi, we mwanamke!" Akampulizia ya pili, akaendelea kumpa pumzi.

Hatimaye Tressie akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Jaji Maggard alikuwa amesimama kwenye ujia na joho lake. Alikuwa ameona. Gari la wagonjwa lilipoondoka, akarudi kitini, akaita jina la Delmas.

"Bwana Ratliff, umeacha dawa?"

Wakili wake alimvuta mkono wa shati. Delmas hakumtazama.

"Hapana, Mheshimiwa. Nimepunguza, na tangu nipunguze nauwaza unga kila siku. Leo asubuhi nimepita kwa muuzaji mara mbili. Sikushuka garini, lakini nimepita. Kesho narudia dozi yangu nzima. Kama ni jela, nifungeni nikiwa hai."

"Unabishana na mahakama?"

"Naisihi, Mheshimiwa. Mwenye kisukari hamumwambii aache sindano ndipo mumpe cheti."

Jaji akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Mlete daktari wako Jumanne ijayo. Mpaka hapo amri nimeisimamisha. Sijasema umeshinda."

Wiki ile Delmas hakupata usingizi wa maana. Jumanne Bi. Sizemore alihojiwa karibu saa nzima. Jaji alipinga, akauliza, akakunja uso, akauliza tena. Mwishowe akaifuta amri kwa wote wawili. Msamaha hakuomba. Tressie alirudishwa kwenye dawa, ingawa ilimbidi aanze upya kuhesabu miezi yake ya mkojo safi.

Oktoba Delmas akahitimu, mama yake akiwa kiti cha mbele. Jaji akainama na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Bado unaitumia?"

"Hata leo asubuhi, Mheshimiwa."

"Haya." Akatia saini cheti.

Nje, Delmas alikaa kwenye ngazi za mahakama dakika kumi nzima, mama akimshika bega, kisha wakashuka pamoja kwenda kwenye gari.