Siku Jaji Alipoambiwa Habari za Mwezi

Nilirudi Ujiji na stashahada ya sheria, na sioni sababu ya kuificha. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kuuza vitenge Dar es Salaam, mchana sokoni, jioni darasani. Nikafungua ofisi ya kuandika nyaraka hapa Rusimbi, kompyuta mbili, na stashahada yangu ukutani ndani ya fremu.

Kwa hiyo tume ya uchunguzi ilipokuja Kigoma, mjomba wangu hakuhangaika kutafuta mwandishi wa maelezo yake. Jukwaa la mkutano wa kampeni lilikuwa limechomwa moto usiku pale Katonga, na watu wawili walidai walimwona mjomba akikimbia kutoka hapo. Jina lake likiingia kwenye ripoti vibaya, kinachofuata ni polisi.

Mwenyekiti wa tume alikuwa jaji mwandamizi, mama ambaye historia yake nilikuwa nimeifuatilia magazetini kwa miaka. Alianza kama karani wa mahakama ya mwanzo, akasoma huku akifanya kazi, akawa hakimu, akawa msajili, mwishowe jaji. Nilimwona kama mtu wa njia yangu, ila yeye alitangulia kuianza.

Mjomba hajui kusoma. Alikaa mbele ya meza yangu akasema, "Andika nilikuwa kazini kwangu, mjomba, na wenzangu sita."

Kazi yake ni kuvua dagaa. Nikaandika kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba usiku wa tukio alikuwa katikati ya ziwa, taa zimewashwa, wavu umeshushwa. Nilipotaka kumsomea alikataa. "Msomi ni wewe, mimi unisomee nini?" Akaweka dole gumba.

Siku ya kusikilizwa, katibu wa tume aliyasoma maelezo yale kwa sauti. Nilikuwa mstari wa tatu, nimevaa suti. Alipofika kwenye taa na wavu, ukumbi ukaangua kicheko.

Jaji akavua miwani. "Kinachochekesha ni nini?"

Mama mmoja muuza dagaa wa Katonga akasimama. "Mheshimiwa, usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Nani anavua dagaa kwenye mbalamwezi? Labda alikuwa anavua mwezi wenyewe!"

Wakacheka tena. Mwezi ukiangaza, dagaa hawafuati taa, na mitumbwi hupumzika. Hilo nililijua kabla sijajua kuandika. Siku hizo kazi ya mvuvi ni kushona nyavu, na mjomba na wenzake huzishonea uani kwa tajiri mwenye mtumbwi, kule Buzebazeba, mbali na Katonga. Miaka ya Dar es Salaam ilikuwa imenifutia mwezi kichwani.

"Mzee," jaji akamuuliza mjomba, "haya ni maneno yako?"

Mjomba akanitazama. "Ni yangu, Mheshimiwa."

Sikuelewa. Alikuwa ananisitiri mimi, au alidhani karatasi ikishasomwa mbele ya serikali haibadiliki? Nikajikuta nimesimama.

"Mheshimiwa, hayo ya ziwani nimeyaandika mimi."

"Na wewe ni nani?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo tayari kwa miaka, na stashahada ilikuwa ndani yake. Nikasema, "Mpwa wake. Sikumuuliza alikuwa wapi."

"Mzaliwa wa wapi?"

"Ujiji, Mheshimiwa."

Ukumbi ukaguna. Jaji akaandika kwa muda mrefu mno kwa jibu fupi namna ile. Kisha akamwambia mjomba aseme mwenyewe, bila karatasi. Mjomba akaeleza habari za nyavu na ua, akichanganya Kiha na Kiswahili, akawataja wenzake sita. Jaji akasema "Asante, mzee," basi.

Walipotoka kwa mapumziko jaji alipita karibu nami. "Mimi nami nilikuwa karani," akasema, akaendelea na safari yake. Nimelipindua neno hilo kila upande. Kuna siku nalisikia kama pole, kuna siku kama karipio.

Ripoti ilikabidhiwa kwa wakubwa, sisi hatukuiona. Polisi hawajafika kwa mjomba, na sijui kama ni kwa sababu aliaminiwa au ni kwa sababu bado hawajafika. Nikimuuliza kwa nini alikubali maneno yasiyo yake, anashangaa swali lenyewe.

"Ulikuwa umeshayaandika, mjomba. Ningefanyaje?"