Mikanda Iliyokaukia Juu ya Mafiga

Sogeeni karibu wajukuu zangu, mnyamaze kidogo, maana haya yalisemwa kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimeketi nje ya kanisa kule Gare. Ukungu ulikuwa umemeza mnara wa kengele, msalaba ukaonekana unaelea peke yake. Fundi mmoja alitaka kupanda azibe tundu la bati, mkewe kasimama kando. Fundi mwingine, mzee, akaichukua mikanda yake ya usalama, ile inayovaliwa mabegani na mapajani, akaipitisha vidoleni polepole kama anayechambua maharage. Akaukunja mmoja. Ukawa mgumu, unang'aa.

"Hii ilikaushwa wapi?"

"Shikamoo baba. Ni mimi," mke akajibu. "Ililowa, na jua hatujaliona wiki nzima. Nikaitundika juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu."

"Marahaba mwanangu. Mahindi yanapenda moto. Hii ni nailoni, huungua kimyakimya, ikakatika ukiwa juu. Mipya ikilowa, ianike kivulini, penye upepo, hata ikichukua siku tatu."

"Mzee, ni bati moja tu," mume akasema.

"Na yeye ana mume mmoja tu."

Mke akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga. Mzee akatoa kisu, akaikata mikanda yote asije mtu akaitamani.

Sisi wa milimani kila kilicholowa tunakipeleka motoni, tukidhani tunakitunza. Nami ni hivyohivyo.

Vipande vikagawiwa palepale. Mimi nilirithi kirefu, nafungia kuni. Mbuzi wa jirani alirithi cha begani, ndiyo kamba yake. Kanisa likabaki na tundu lake mpaka mikanda mipya ifike, na yule mama akarithi mumewe, mzima.