Maganda ya Kamba ya Bi Mejumaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe lililonipita mikono, na debe la maganda ya kamba wa baharini, yaliyokwisha kunuka. Ilikuwa muda mfupi baada ya Uhuru, katika kituo kidogo cha utafiti wa kilimo karibu na Msambweni. Mkemia Mkuu, Mwingereza aliyebakia, alinyoosha kidole kwenye debe akasema, "Wewe chemsha. Kufikiri kazi yangu." Nilicheka kwa adabu. Hadi leo nikikikumbuka kicheko kile najichukia.

Ninyi vijana mnaosoma sayansi hamjui tulivyounguza vidole. Maganda tuliyaloweka kwanza katika tindikali hafifu ili chokaa iyeyuke, povu likifurika hadi mezani. Kisha tuliyachemsha katika magadi makali yaliyomaliza mabaki yote ya nyama. Kilichosalia ni kitu chepesi, cheupe, kisichoyeyuka kwa maji: kaitini. Ndiyo inayojenga gamba la kamba na la mende, na ndiyo inayoimarisha kuta za kuvu, hao wanaonyausha nyanya kuanzia mizizini. Mkemia Mkuu aliitaka kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Kikoneni.

Bi Mejumaa alizaliwa Msambweni akaolewa Kikoneni. Nyanya za majirani zake zilinyauka kila mwaka, zake zikasimama. Nilitumwa mimi kumhoji kwa kuwa ni Mdigo mwenzake. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kigoda, akanieleza bila kuficha. Kila alipokwenda kwao kuwaona wazee alirudi na gunia la maganda ya kamba, akayafukia shambani.

"Halafu unapanda?" nikauliza.

"Unapanda nini, mwanangu? Udongo haujamaliza arobaini yake. Uache ule ushibe kwanza. Ukiuharakisha, mche unaungua."

Niliandika yote isipokuwa hilo la arobaini. Nilimwona Mkemia Mkuu akilini mwangu akicheka kwamba Wadigo huuwekea matanga hata udongo. Nilimwonea haya mama wa watu, ambaye hakuwa na lolote la kuonewa haya. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi utumwa huo niliuvaa na vifungo vyake vyote.

Kituoni tulichoma udongo katika tanuri kuua kila kidudu, maana ndivyo majaribio yalivyofanywa ili yawe safi. Tukachanganya kaitini yetu pamoja na maganda mabichi yaliyoanza kuoza, na kesho yake tukapanda. Miche mingi iliungua, na iliyopona ikanyauka tulipoitia kuvu. Nilikumbuka vizuri maneno ya Bi Mejumaa, nikanyamaza. Mkemia Mkuu akaandika kwamba maganda hayana kazi ila kudhuru, na wakulima waambiwe waache. Nikatumwa tena Kikoneni.

"Serikali imepima?" Bi Mejumaa akauliza.

"Imepima, Bi."

"Nawe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi kama mtoto wetu alikuwepo, nitaacha."

Aliacha kweli. Msimu wa pili hakuvuna hata nyanya moja. Shamba likageuka kichaka, naye akaenda Galu kufua mashuka ya hoteli.

Mkemia Mkuu aliporudi kwao aliletwa Mkurugenzi, mtu wa bara, msomaji sana. Siku moja aliniita akiwa na jarida mkononi na ile ripoti ya zamani. Akanieleza kwamba udongoni mna bakteria wanaokula kaitini kwa kutumia vimeng'enya vinavyoikata vipande vipande. Ukiwapa maganda huzaana kwa majuma kadhaa, na vimeng'enya vyao huzibomoa na kuta za kuvu. Kabla ya hapo, maganda yanayooza hutoa amonia inayounguza mizizi.

"Hapa mlichoma bakteria, halafu mkapanda kesho yake," alisema. "Hakuna mwenyeji aliyejua kwamba lazima kungoja?"

Wakati huo nilikuwa nimepandishwa cheo, ndimi msimamizi wa maabara. Nikamjibu, "Hakuna, Bwana."

Uongo wa kwanza nauita ujana. Huu wa pili sina jina la kuupa.

Nilistaafu kwa hotuba ndefu iliyosifu uaminifu wangu. Sasa nasikia wataalamu wanasema hata mmea wenyewe hutambua vipande vya kaitini vinavyotoka kwa kuvu, ukajua adui amefika, ukajikinga. Elimu inakua, nami ningefurahi kama watu wengine. Lakini sifurahi. Kila jambo jipya linalogunduliwa linanikumbusha kwamba tulikuwa nalo Kikoneni, na ni mimi niliyelizima.

Juma lile la kustaafu nilikwenda Galu. Nilimkuta Bi Mejumaa kwa bintiye, nyuma ya hoteli, mzee sana, vidole vimepinda kwa sabuni na maji. Nilimwambia yote, la arobaini nililolificha na jibu nililompa Mkurugenzi. Nilitaraji anitukane.

"Ulinambia maganda hayana kazi," alisema. "Basi nyanya zilipokufa, nikajua ni mkono wangu. Nikajua mimi ndiye mwenye mkono mbaya. Tangu siku ile, mwanangu, sikupanda tena hata mchicha."