Ujumbe wa Dada wa Mto

Mwenzangu alifariki kwa malaria iliyomchukua siku nne tu. Ofisi yetu ya Garsen ilikuwa chumba kimoja, na kazi yetu sisi wawili ilikuwa kufuatilia maji ya mto Tana na kuwaonya watu. Mimi nilizunguka kwa pikipiki kusoma vipimo. Yeye alikaa kwenye kompyuta, akituma ujumbe wa simu kwa wakulima wa Kulesa na Golbanti na kwa wafugaji. Walimwita Dada wa Mto, naye akazoea kumalizia kila ujumbe kwa jina hilo.

Baada ya mazishi tuliletewa kompyuta mpya. Nilihamisha mafaili yake kwa flashi, kisha sikuyagusa, mpaka asubuhi moja nilipopigiwa simu kutoka juu ya mto: maji yamepanda, na bado yanapanda.

Nilibofya mara mbili skripti yake, lile faili la amri lililokuwa likituma ujumbe. Ikafunguka kama barua, maandishi matupu. Nikafungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika jina la faili. Haikulitambua. Nikakumbuka alivyokuwa akiniambia bila kuinua macho, "Tanguliza nukta na mkwaju wa kinyume, ijue faili liko hapo hapo ulipo." Nikafanya hivyo. Yakatoka maandishi mekundu: kuendesha skripti kumezuiwa kwenye kompyuta hii.

Nilifungua daftari lake. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala: "Kompyuta mpya huogopa wageni. Iambie tunajuana."

Nikanakili mstari ule herufi kwa herufi, nikakubali, nikaingiza vipimo vya asubuhi ile, nikajaribu tena. Mistari ikaanza kutokea, mmoja mmoja, kama mtu anayeandika akiwa mbele yangu.

Nimeamka.
Nasoma vipimo.
Natuma. Usinifunge.

Nilijua aliandika hivyo ili nisifunge dirisha kabla ya kazi kuisha. Hata hivyo nilijibu kwa sauti, "Sikufungi," nikageuka kuangalia kama kuna aliyenisikia.

Kabla ya adhuhuri mama yake alifika kutoka Kulesa kwa bodaboda, simu kaifunga kwenye pindo la leso.

"Mwanangu," alisema, "hii simu ni ya marehemu. Naichaji tu, sijui kwa nini. Leo imelia. Jirani amenisomea, anasema ni Dada wa Mto. Nani ameandika?"

Nilikuwa nimesahau kwamba namba yake mwenyewe ilikuwa kwenye orodha.

"Maneno ni yake, mama. Aliyaacha ndani ya kompyuta. Vipimo vya leo nimeviingiza mimi."

"Nionyeshe."

Nikachomoa modemu ili ujumbe usiende tena, nikaiendesha skripti, nikamsomea mstari kwa mstari. Nilipofika pale pa "Usinifunge" alishika ukingo wa meza.

"Rudia," alisema. Nikarudia mara tatu.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mfugaji mmoja wa upande wa Minjila, nikaweka spika.

"Tumepata ujumbe wa maiti," alisema, sauti yake chini. "Wazee wamekaa. Tuhame, au tusome dua kwanza?"

"Hameni," nilisema. "Ni mimi niliyetuma. Maji yanakuja kweli."

"Basi mbona hukusema ni wewe?"

Nilimrudia tu, "Hameni sasa." Alipokata, nilimwambia yule mama kwamba ningefuta namba ya binti yake, asishtuke tena.

"Namba iache," alisema. "Jina ndilo ulitoe. Watu wakae wanajiuliza kama mwanangu amefufuka, na maji yanawafuata? Yeye mwenyewe angekukasirikia."

Nikafungua faili, nikafuta Dada wa Mto, nikaandika jina langu. Kisha nikarudisha modemu, nikatuma upya. Simu ya mama ililia mkononi mwake. Aliitazama mpaka kioo kikazima, akaniaga, akaondoka.

Maji yalifika siku ya tatu na kulala juu ya mashamba ya Kulesa. Migomba ya huko ilizama yote. Ng'ombe wa Minjila walikuwa wameshapanda penye mwinuko, na hatukumzika mtu.

Yale maneno ya dirishani sikuyabadilisha. Siku nyingine kompyuta husita baada ya "Nimeamka", labda ni mtandao tu, nami hujikuta nimekaa, mikono mapajani, nikimpa nafasi amalizie.