Mbegu Ina Mama na Baba

Nakumbuka, mjukuu wangu, siku ambayo mama yangu alimwita mtu mwizi mbele ya foleni nzima.

Mtu mwenyewe ni Mzee Hamisi, aliyekuwa na mashine ya kukamua alizeti kule Sokon One. Tulimpelekea magunia kama kila mwaka, mafuta yakatoka nusu ya tuliyozoea. Mama hakuuliza. Alishika kiuno akatangaza kwamba huyu mzee ana pipa lake la pembeni. Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakajitwisha magunia yao, wakaondoka. Mzee wa watu akabaki anafuta mikono kwa kitambaa, na ana watoto wa kulisha. Niliona aibu, ila nilikuwa msichana, ningesema nini?

Wiki hiyo bibi, mzaa mama, akashuka kutoka mlimani na mkungu wake wa ndizi. Alikuwa Mmeru wa maneno machache, lakini ukimuudhi utayapata yote. Alipokisikia kisa, aliomba mbegu zilizobaki, akawa anazipasua kwa meno. Ganda nene, kiini kidogo. Akauliza jirani alipanda nini mwaka jana. Tukamwambia ni zile alizeti za mistari, kubwa, za kukaanga na kutafuna.

"Hakuna aliyekuibia," bibi akamwambia mama. "Mafuta hayakuwamo. Mbegu ina mama na baba, na wewe ulichagua mama tu. Baba aliletwa na nyuki kutoka shamba la pili."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule jirani alipopanda zake hatukugundua kitu, maana ganda la mbegu hufuata mmea uliozaa. Mama akachagua vichwa vizuri, akaweka mbegu za msimu uliofuata. Tulipozipanda ndipo urithi wa baba ukajitokeza: ganda likanenepa, mafuta yakapungua.

Mama alilia, jamani. Kesho yake alikwenda kwa Mzee Hamisi, akamwomba radhi pale pale alipomtukana. Akamjibu kwa upole, "Mama, mimi nimekusamehe. Hao waliosikia utawapata wapi wote?"

Aliwatafuta. Nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake. Wengine walirudi kwa mzee, wengine walishazoea mashine nyingine. Msimu uliofuata mlango wake ulikuwa umefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa wewe jana umekuja hapa umefura, unasema yule kijana wa mashine ya Moshono kakupunja mafuta na utamrusha kwenye grupu la wakulima. Haya, nieleze: mbegu ulizopanda umezitoa wapi? Si ulizichagua mwenyewe shambani, na jirani yako pale kwenye mpaka alipanda zake za mistari? Nakupenda, ndiyo maana nakusema.

Basi nisikilize. Pasua mbegu kabla hujapasua jina la mtu. Kaa na jirani yako mkubaliane kupanda mbegu ya aina moja, kwa sababu nyuki hajui mpaka. Na ile simu, iweke mfukoni kwanza. Mama yangu alizunguka nyumba kwa nyumba. Hilo grupu lako utalizunguka kwa miguu ipi?

Nenda, mjukuu wangu. Mungu akujalie viini vilivyojaa, na mdomo unaojua kusubiri.