Marais Wawili Mezani kwa Mama

Baba na mjomba wangu hawajawahi kugombana kuhusu shamba, mahari wala mambo ya kanisa. Wanagombana kuhusu marais. Baba, mwalimu mkuu mstaafu, anaamini kwamba rais aliyeondoka ndiye aliyewaweza magaidi. Mjomba, kaka yake mama, ambaye anauza mabati na misumari mjini Thika, anaamini kwamba nchi ilianza kupata usingizi siku ile huyu wa sasa alipoapishwa. Wamelijadili jambo hili nyumbani kwetu Gitothua, hapa Ruiru, baada ya ibada, Jumapili baada ya Jumapili, hata ninaweza kusema sehemu ya kila mmoja bila yeye kuwepo.

Mimi ubishi huo ulinichosha tangu nikiwa chuoni. Kila mmoja huhesabu wafu wa upande wa pili tu. Mashambulizi ya wakati huu baba anayaita uzembe, ya wakati ule anayaita majaribu. Kwa mjomba ni kinyume chake. Niliwahi kuwauliza ni kitu gani hasa rais fulani alifanya ambacho mwingine asingekifanya, na walijuaje kwamba ndicho kilichozuia bomu lisilipuke. Mjomba alicheka. Baba alisema maswali ya namna hiyo ndiyo yanayonikosesha kazi.

Ningewaacha wajadili wanavyotaka kama si dada yangu. Dada ni mwalimu wa hesabu. Baada ya kuhitimu alisubiri ajira ya serikali kwa miaka, akifundisha shule ndogo ya binafsi hapa Ruiru, na barua ilipokuja hatimaye ikampangia shule ya upili iliyo karibu na mpaka, kule kaskazini mashariki. Walimu wengi wa huku kwetu wakipata barua kama hiyo huikataa. Yeye alifunga sanduku. Siku ya kuondoka baba alimwambia asiogope, jeshi lililoimarishwa na yule aliyepita bado liko kule. Mjomba naye alimwambia asiogope, huyu wa sasa hana mchezo. Mama hakutaja rais. Alimfungia unga wa uji na blanketi la pili.

Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya mwaka wake wa pili kule. Tulikuwa tumeketi kwa chakula cha mchana, kuku na chapati, na televisheni ilikuwa inaleta habari za saa saba. Mtangazaji akasema kwamba gari la abiria lilikuwa limeshambuliwa asubuhi hiyo na watu wanaoshukiwa kuwa magaidi, katika eneo la...

"Ona sasa," baba akasema, akiweka kijiko chini. "Hiyo ndiyo kazi ya mtu wenu."

"Wetu na nani, muthoni?" Hivyo ndivyo mjomba anavyomwita baba, kwa heshima ya ukwe, hata wakati anamchokoza. "Hii moto tulipewa ikiwa inawaka. Nani aliiwasha?"

"Yule alikuwa anapiga simu usiku na vijana wa jeshi wanaamka. Huyu wako anapiga picha."

"Anapiga picha akiwa huko mpakani. Wenu alikuwa anaambiwa na gazeti."

Mama akatoka jikoni na sinia la chapati mikononi. "Wamesema wapi?"

Mtangazaji alikuwa amekwisha kuhamia habari za bei ya mafuta. Mama akauliza tena wamesema wapi, na safari hii akaongeza, "Huyu mtoto alienda mjini Ijumaa kuchapisha mtihani. Aliniambia anarudi shuleni leo asubuhi na gari ya kwanza."

Ninatamani ningesema kwamba hapo wote tulinyamaza. Baba alisema hilo ndilo amekuwa akilisema, mtoto wa mtu hawezi kupanda gari kwa amani siku hizi. Mjomba akajibu kwamba katika utawala uliopita barabara ile haikuwa na gari hata moja, kwa hivyo gari la kushambuliwa lingetoka wapi. Na mimi, niliyesoma, nikaingilia. Nilimwambia mjomba hilo si kweli. Nilieleza kwamba magari yalikuwapo, kwamba yalishambuliwa wakati ule na yanashambuliwa wakati huu, na kwamba ukitaka kulinganisha tawala mbili ni lazima kwanza ukubaliane ni kitu gani unachopima. Nilizungumza vizuri. Nilikuwa nimefika hoja ya pili nilipomwona mama bado amesimama na lile sinia.

"Na wewe pia?" akaniambia.

Nikaona haya, nikatoa simu. Namba ya dada haikupatikana. Nikaijaribu tena na tena, nikapata sauti ileile ya mashine ikinieleza kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Nikaingia mtandaoni kutafuta jina la mahali. Nilikuta watu wa nchi nzima wameketi mezani kwetu. Mmoja ameweka picha ya gari lililoungua, ambayo mimi nilikuwa nimeiona miaka iliyopita, akiuliza yuko wapi rais. Chini yake wengine wanamjibu na picha nyingine, kuukuu zaidi, wakiuliza na yule wako alikuwa wapi. Nilisoma kwa dakika nyingi, nikapata majina ya mahali matatu tofauti. Moja lilikuwa kwenye barabara ya dada.

Nilimwambia mama kwamba bado haijulikani. Alinitazama kama anayejua kiasi gani nimepunguza. Akaketi, akaweka simu yake katikati ya meza, kando ya bakuli la mchuzi, akasema, "Tuombe."

Baba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo yeye ndiye aliyeanza. Alianza vizuri. Alimwomba Mungu amfunike binti yetu na wote waliokuwa barabarani, aziguse familia zilizopokea simu mbaya. Mama alikuwa akiitikia kwa sauti ya chini. Kisha baba akavuta pumzi, akasema, "Na tunakushukuru, Bwana, kwa viongozi uliotupa zamani, waliojua kulinda mipaka yetu. Uturudishie hekima kama ile."

Nilifumbua macho. Mjomba alikuwa amefumba yake, lakini taya lilikuwa linacheza. Baba hakuwahi kufika mwisho. Alipotua tu, mjomba akalipokea ombi.

"Ee Mungu wetu, tunakushukuru pia kwa kiongozi uliyemweka leo, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwako. Uwasamehe waliotangulia, Baba, walioacha mlango wazi, wakaenda kupumzika."

"Uwafungue macho vipofu, Bwana," baba akasema, kana kwamba anaitikia.

"Uwape unyenyekevu wazee," mjomba akasema.

Kwetu mtu hakatizwi akiwa anaomba. Unaweza kumkatiza kauli katika mazungumzo, hata kwenye mkutano wa kanisa, lakini si katika maombi, na wote wawili walilijua hilo. Ndipo simu ya mama ilipoanza kutetemeka mezani. Ilitetemeka mpaka ikagusa bakuli. Nilinyoosha mkono, nikausitisha, kwa sababu hata mimi ambaye siku hizi sina uhakika kama kuna anayesikiliza, nililelewa katika nyumba hiyo. Mjomba akapandisha sauti, akawa anawaombea makamanda wa jeshi, cheo kwa cheo.

"Amina," mama akasema.

"Na pia, Bwana, tunawaweka mbele zako..."

"Nimesema amina." Akachukua simu, akatoka nayo nje, akarudisha mlango.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, kiganja kimeziba sikio la pili. "Maitu," alikuwa anasema, hivyo ndivyo anavyomwita dada, kama anayemwita mama yake mzazi, "umekula?" Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Niliyapata maelezo vipandevipande baadaye. Mashine ya kuchapisha ilikuwa imekosa wino Jumamosi, mitihani haikuwa tayari asubuhi, dada akabaki mjini. Gari lililoshambuliwa ndilo alilokuwa amepanga kulipanda. Kondakta wake, ambaye humwekea kiti nyuma ya dereva, alikuwa hospitalini na risasi mguuni. Wawili walikuwa wamekufa.

"Rudi nyumbani," mama akasema. Akasikiliza. "Hapana, sikiliza wewe." Akasikiliza tena. Mwishowe akasema, "Sawa. Kesho saa ngapi?"

Tuliporudi ndani mama aliwaambia kwamba dada yuko salama, na kwamba mitihani imechapishwa, na kwamba kesho asubuhi anapita barabara ileile akiipeleka, kwa sababu wanafunzi wanamngoja. Baba alifungua mdomo. Mama akamwambia, "Hapana," akatwaa rimoti na kuzima televisheni.

Kesho yake sikutegemea kumwona mjomba, Jumatatu ndiyo siku yake ya wateja. Lakini saa mbili asubuhi alikuwa sebuleni kwetu, duka amelifunga, amekaa kando ya baba kwenye kochi. Baba alikuwa ameshika Biblia bila kuifungua. Mama alipika chai, wakainywa, akapika nyingine. Saa tano kasoro ujumbe ukaingia: "Nimefika. Wameanza karatasi ya kwanza." Mama alinipa niusome kwa sauti, kisha akataka niurudie. Baba alienda nje, akakaa huko muda akijifanya anakagua paa.

Nilimsindikiza mjomba hadi stejini. Alitembea kimya mpaka tulipovuka barabara, nikaanza kufikiri kwamba labda siku hiyo ilikuwa imembadilisha kidogo.

"Lakini ukweli usemwe," akasema. "Wakati wa yule mwingine, huyo mtoto hangefika."

Nilimwonyesha gari la Thika, lililokuwa limebakisha kiti kimoja.