Nilijaza "amekubali" mahali aliposema "nimesikia"

Wakuu, salaam kutoka Same mjini. Ninayoyaeleza yamenipata mwenyewe wiki hii. Majina nimeyabadilisha, lakini maneno yaliyosemwa nimeyaacha kama yalivyotamkwa. Mtaona kwa nini nashikilia maneno.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani ya ukutubi. Utafiti wangu unahusu nyaraka za vijijini: jinsi ya kuzipiga picha, kuzielezea na kuziweka kwenye maktaba ya kidijitali.

Ipo jumuiya ya watu wa maktaba za aina hii ambayo hukutana mara moja kwa mwaka. Safari hii mkutano utafanyika hapa hapa Same, na waandaaji wametoa mwaliko: anayetaka kuendesha kikao alete pendekezo. Walitaka kichwa cha kikao, maelezo mafupi, jina la mzungumzaji mwenza kama yupo, na linki ya mfano wa kazi.

Mkutano mlangoni kwangu, wakuu. Mwaliko ule niliusoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia, nakiri.

Mfano nilikuwa nao tayari.

Kule Gonja yupo Mama Nanzia, muuguzi mstaafu, aliyenionyesha daftari la marehemu baba yake. Mzee huyo alikuwa katibu wa ndiva. Kwa wasiotoka milimani, ndiva ni bwawa dogo la kukinga maji ya kijito, ambayo hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Katibu ndiye aliyeandika zamu ya nani ni lini.

Lakini mzee hakuishia kwenye zamu. Pembeni mwa kurasa aliandika sababu ya mtu kurukwa zamu. "Hakufika msaragambo, anaumwa jino." Kurasa mbili mbele, jina lile lile: "Hakufika msaragambo, jino lile lile." Msaragambo ni ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, na nadhani kila kijiji kina mtu mwenye jino la namna hiyo.

Nilipiga picha kurasa zote. Kisha nikamweleza Mama Nanzia kwamba picha zitawekwa mtandaoni na mtu yeyote, popote alipo, ataweza kuzisoma.

Akanitazama, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Akaenda kuchungulia chungu chake jikoni.

Fomu yetu ya ridhaa ina visanduku viwili, Amekubali na Amekataa. Hakuwa amekataa. Nikaweka alama kwenye Amekubali, picha zikapanda mtandaoni.

Mimi ni mtu wa kufikiria kila kitu mara tatu, hata nukta mkato. Hilo sikulifikiria hata mara moja.

Pendekezo nikaliita "Pembezoni mwa Daftari", nikaambatisha linki, nikalituma zikiwa zimebaki siku tano kabla ya mwisho wa kupokea mapendekezo. Jumamosi nikapanda Gonja kumwomba Mama Nanzia awe mzungumzaji mwenza. Gari lilipitia kijiji cha Kisiwani, likanifikisha chini ya mlima, bodaboda ikamalizia kupanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko chuoni hawajui kupika makande?"

Akanipakulia. Nikamwonyesha simu, tena kwa fahari: mwandiko wa baba yake ukiwa umenyooka kwenye kioo. Akavaa miwani, akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari, anatabasamu. Kisha kidole kikasimama.

Mstari ule una jina la mtu aliye hai. Ni jirani yake, na kanisani huketi benchi moja. Kilichoandikwa mbele ya jina hilo sitakisema hapa, na naomba msinibembeleze kwenye komenti.

"Hii anaiona nani?"

"Yeyote, mama. Nilikueleza siku ile, ukakubali."

"Nilisema nini?"

"Ulisema umesikia."

"Ee. Nilisikia. Masikio yangu ni mazima."

Akavua miwani, akaikunja taratibu.

"Nimechoma watu sindano mpaka nimestaafu. Namweleza mgonjwa, ananijibu, 'Nimesikia, sista.' Basi naweka sindano chini, navuta kiti, nasubiri. Huyo bado hajakubali. Anaogopa, na hataki kunivunjia heshima. Wewe ungekuwa muuguzi, ungewamaliza watu kwa adabu zao."

Nikaomba radhi. Nikasema, kijinga kabisa, kwamba kama jirani angelalamika tungempa maelezo.

"Alalamike? Wanasema sisi Wapare tunapenda kesi. Afadhali ingekuwa kesi. Huyu hatakwenda popote. Ataacha tu kunisalimia."

Nilitaka kuufunga mkusanyo ule wa picha palepale, mtu asiuone tena, lakini mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nikapanda hadi mwisho wa migomba yake, simu nimeinyanyua juu, nikiangalia kile kiduara kinavyozunguka. Ulipofungika, nikatazama kumbukumbu za mfumo. Kurasa zilikuwa zimeshafunguliwa na watu. Akina nani, mfumo hausemi.

Pengine ni waandaaji wakipitia mapendekezo. Pengine ni mimi mwenyewe, kwa jinsi ninavyorudiarudia. Pengine ni mtu wa Gonja.

Nilirudi nikamweleza yote, pamoja na hilo la kutojua.

"Umefunga?"

"Nimefunga, mama."

"Basi kula, yanapoa."

Kabla ya kuondoka niliomba ruhusa ya kusimulia kisa hiki kwenu. Akafikiri. "Simulia. Jina langu libadili, na mstari ule usiuguse. Hilo nimekubali." Akanikazia macho. "Umesikia tofauti yake?"

Nimeisikia.

Jumapili nililiondoa pendekezo la kwanza, nikaandika jingine. Halina linki wala ukurasa wa daftari. Linahoji jambo moja: fomu zetu hazina pa kuliweka jibu la mtu aliyesema "nimesikia". Bila mfano wa kazi huenda wakalikataa, na sitakuwa na cha kuwalaumu.

Somo langu, wakuu, ni kwamba kwetu "hapana" haitamkwi kirahisi mbele ya mgeni uliyempakulia chakula. Anayehifadhi maneno ya watu anapaswa kulijua hilo kabla ya kujifunza kuendesha skana. Mimi nimezaliwa huku huku, na bado niliiamini fomu kuliko masikio yangu.

Naomba mchango wenu. Kwenu, mtu asiyetaka kukukatalia husema neno gani? Ningependa kuyapeleka maneno hayo kwenye kikao, kikikubaliwa. Nitamwomba ruhusa kila mmoja kwanza, na atakayekaa kimya sitamhesabu kuwa amekubali.

Ama kuhusu mzungumzaji mwenza: nilipokwisha kupanda bodaboda nilimpigia kelele Mama Nanzia, nikamuuliza kama atashuka Same siku ya mkutano.

Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Nimesikia!"

Nafasi ya jina lake kwenye pendekezo jipya nimeiacha wazi.